Amana za Orofani

Bi Mwanaharusi binti Bwanausi alikuwa na tabia moja ambayo mtaa mzima uliijua: hakumwamini mtu. Akinunua samaki sokoni, alimfunua mashavu mbele ya muuzaji, kisha akamfunua tena kichochoroni, asije akawa amebadilishiwa njiani hali kambeba mwenyewe. Akipewa mkono, alitazama kwanza mkono wa pili uko wapi. Na ukimpa shikamoo yenye uchangamfu uliozidi kidogo, angeitika marahaba, kisha angekaa kutwa akijiuliza umemkosea nini.

Msimcheke. Dhana hakuzaliwa nayo. Alifundishwa na marehemu mumewe, mzee Amiri, aliyekuwa akinunua kamba Saadani na kuja kuwauza huku mjini. Ilifika wakati mzee akawa anarudi na kanzu inayonukia udi usiokuwa wa nyumbani kwake. Mwanaharusi akasema kuna mke huko. Ndugu wakamwambia aache, dhana mbaya ni dhambi. Mama yake mzazi akamwambia hivyo hivyo. Akanyamaza, akameza, mpaka siku ya msiba wa Amiri alipotokea mwanamke wa Saadani aliyejifunika kama alivyojifunika yeye, na watoto wawili wenye paji la uso la marehemu. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumwonya juu ya dhana. Mimi naona balaa lake lilikuwa hilo hasa: alidhani mara moja, akapatia. Mtu akipatia kwa jambo zito namna ile, ni vigumu tena kumweleza kwamba naye hukosea.

Sasa tazama mambo ya watu. Mama huyu asiyemwamini mtu ndiye aliyeaminiwa na mtaa mzima. Nyumba yake ni ya zamani, ya mawe na chokaa, imekaa mahali palipoinuka, na ina chumba kimoja cha orofani chenye mlango mzito wa mninga na dirisha dogo linalotazama mashariki. Mabati ni mapya, kayaweka mwanawe Mikdad. Chini yake, bondeni, kuna nyumba za matofali ya saruji zilizojengwa na watu wasiouliza maji yalikuwa yakipita wapi. Masika ikikolea, huko maji huingia kwa mlango na kwa paa, na kapeti huelea karibu na waya wa umeme. Kwa hiyo kila mwaka, wingu likianza kuwa zito upande wa bahari, akina mama wa bondeni huchomoa vyombo vyao ukutani, wakavifunga, wakavipandisha kwa Bi Mwanaharusi: runinga, redio, sabufa, ving'amuzi, pasi, na pengine kompyuta ya mtoto anayesoma chuo. Friji tu ndizo zinazobaki, zimeinuliwa juu ya matofali, wenyewe wakiziombea dua.

Hakuna karatasi inayoandikwa. Kila chombo hufungwa kwa kanga ya mwenyewe, na kanga ndiyo ushahidi. Runinga ya Bi Mina, shoga yake wa siku nyingi, hufika ndani ya kanga ya rangi ya damu ya mzee iliyoandikwa "Hasidi hana sababu". Redio ya mwalimu wa madrasa hufika ndani ya kanga ya mkewe, "Mungu ndiye mpaji". Masika ikiisha, kila mtu husoma kanga yake, akachukua chake, akashukuru, akaenda. Miaka yote hiyo haujapotea hata waya. "Kwa Mwanaharusi hata panya hupiga hodi," watu husema, na yeye akisikia hujifanya hakusikia, lakini siku hiyo utakuta chai yake ina sukari zaidi. Hakuachiwa shamba wala duka. Alichokuwa nacho mjini hapa ni jina hilo tu, jina la mwekaji amana, na alilitunza kuliko macho yake.

Mwaka ninaousimulia, masika iliingia kwa fujo. Redio zikatangaza kwamba kuna kimbunga kinapanda kutoka kusini, vyombo vya uvuvi vikakatazwa kutoka, na simu za watu zikajaa picha za mawimbi ambayo nusu yake hayakuwa ya bahari yetu. Mvua ikatangulia. Akina mama walipokuja kupandisha vyombo vyao, bonde lilikuwa limekwisha kuwa tope tupu, na kanga zote zilifika zimechafuka, nyingine maandishi hayasomeki.

Nyumbani mle Bi Mwanaharusi aliishi na mkwewe, Hafidha, mke wa Mikdad. Mikdad ni dereva wa lori, na kazi hiyo ndiyo iliyompa mke, maana mama yake binti, Bi Wahida, ana banda la chakula pale Msata malori yanaposimama. Hafidha alikuwa mwembamba, mpole, mwenye maneno machache. Uchache wa maneno, kwa mama mkwe wake, haukuwa sifa. "Anayenyamaza anahesabu," alizoea kusema. Ulikuwa mwaka wa pili wanaishi pamoja na hajamkamata kwa kosa lolote, jambo lililomtia wasiwasi zaidi.

"Zifungue kanga zote tuzifue," Bi Mwanaharusi aliamuru. "Amana hairudi chafu kwa mwenyewe."

Hiyo ni adabu ya kwetu, wala haina mjadala. Bakuli la jirani halirudi tupu, na kanga ya mtu hairudi na tope. Wakazifungua zote, wakazifua kwa maji ya kisima cha uani, ambacho siku hizi kimeingia chumvi. Nje hakuaniki, kwa hiyo wakazitundika kwenye kamba ukumbini, safu kwa safu, mpaka ukitaka kwenda jikoni inabidi upite umeinama. Kesho yake zilikuwa bado zinadondoka. Kesho kutwa hazikudondoka tena, na Bi Mwanaharusi akaona yatosha. Kulikuwa na kitu kinachomkera rohoni: vyombo vya watu vimekaa wazi orofani. Yeyote atakayepanda kuleta cha kwake ataona nani ana runinga ya ukubwa gani na nani kanunua sabufa mpya, na macho ya watu, kwa imani yake, huharibu kitu kuliko radi.

Hafidha akaitwaa kanga ya kwanza, akaigusisha shavuni, kama wafanyavyo wanawake wanaojua kufua.

"Mama, bado ina ubichi."

"Ubichi gani? Mbona mkononi kavu?"

"Mkononi ndiyo, lakini shavuni inasikika. Tungeziacha mpaka jua litoke."

"Jua limekuandikia barua kuwa linakuja?" Bi Mwanaharusi akamtazama kuanzia ushungi mpaka kandambili. "Au wataka vitu vya watu vikae wazi ili nani avione?"

"Haya, mama," akasema Hafidha, akainama, akafunga. Juu ya kanga wakazungushia nailoni nene, na juu ya nailoni wakakaza kwa vipande vya mpira wa baiskeli, kaza tena, mpaka kila runinga ikawa imebanwa hata sisimizi asingepata upenyo. Mama mkwe akasukuma mlango, akatia kufuli, na ufunguo akaufundika kwenye pindo la kanga yake ya kiunoni.

Kimbunga chenyewe, alhamdulillahi, kilipita mbali. Kilituachia upepo, mnazi mmoja ulioangukia choo cha watu, na mvua isiyojua kuaga. Siku chache baadaye Bi Mwanaharusi akapanda kukagua amana zake. Alipoweka mkono juu ya mzigo wa Bi Mina akahisi nailoni inateleza. Akainamia. Kulikuwa na matone, tena si juu ya nailoni, bali upande wa ndani, yamejipanga.

Akatazama juu: boriti kavu. Akapanda kwenye kiti, akapapasa mabati: kavu. Akapapasa ukuta, akapapasa kizingiti cha dirisha, akapiga magoti akapapasa sakafu, ikamwachia vumbi kwenye vidole. Basi haya maji hayakutoka mbinguni. "Maji ambayo hayakutoka juu wala hayakupanda toka chini," alijiambia, "yametoka mkononi mwa mtu."

Akaketi juu ya kiti kile kile, akaanza kuwapitisha watu mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Bi Mina. Si aliwahi kusema mbele ya watu kwamba hata yeye angekuwa na mabati mapya kama angezaa dereva? Hiyo kama si husuda ni nini? Lakini Bi Mina atalowesha runinga yake mwenyewe? Ndiyo, kwa nini asiloweshe, ili mwenzake aaibike. Ila Bi Mina ana magoti mabovu, ngazi zile hazipandi, huwa anaishia chini na kutuma mtu. Bi Mwanaharusi alimwachilia kwa shingo upande. Majini aliyaondoa upesi, maana jini lina haja gani na sabufa? Akabaki Hafidha.

Na ukishapata wa kumdhania, kila kitu huitikia. Hafidha hutembea kwa ncha za vidole. Hafidha alipoambiwa habari ya kimbunga hakushtuka. Tena Hafidha, siku mbili zilizopita, alikuwa amesema, "Mama, nipe ufunguo nikafungue dirisha la juu, naona kunanukia uvundo." Akanyimwa. Jana akauomba tena. Nani huomba ufunguo wa mahali asipopataka? Na sababu ilikuwa wazi kama mchana: vyombo viharibike, jina la mama mkwe liingie doa, Mikdad aone haya, ampangie mkewe chumba mbali na hapa. Yote yalipangana vizuri mno. Hata ule udi wa Saadani ulikuwa umepangana hivyo hivyo.

Basi akamtegea. Alichukua unga wa muhogo, akaunyunyiza kiduchu, mfano wa vumbi, kwenye ngazi ya mwisho mbele ya mlango wa orofani. Kisha akasema anakwenda kwenye hitima mtaa wa pili. Akavaa baibui, na kanga yake yenye ufunguo, kwa makusudi, akaiacha imetundikwa msumarini. Akatoka, akazunguka nyumba ya kwanza, akasimama kichochoroni kwenye manyunyu akisoma tasbihi, lakini aliyekuwa akimhesabu si Mola wake bali mkwewe. Alipoona muda umetosha akarudi, akavua ndara, akapanda.

Kwenye unga kulikuwa na nyayo. Mlango ulikuwa wazi. Hafidha alikuwa amesimama kati ya mizigo, mpira wa baiskeli umelegezwa, nailoni ya mzigo wa Bi Mina imefunuliwa nusu, na mikono yake yote miwili imelowa.

"Ewe!" Bi Mwanaharusi aliita kwa sauti iliyofika bondeni. "Mikono imelowa nini hiyo?"

"Mama, nisikilize—"

"Nikusikilize mwizi wa ufunguo? Njooni! Njooni mshuhudie anayetia maji amana za watu!"

Watu wakaja, maana mvua inachosha na kelele ni burudani. Wakajaa chini ya ngazi, Bi Mina mbele yao na magoti yake. Hafidha akashuka mpaka katikati ya ngazi, uso umesawajika.

"Sikutia maji," akasema. "Vyombo vinatoka jasho, mama. Vinatoka jasho humo ndani."

"Vinatoka jasho! Runinga! Imelima wapi?"

Kicheko kikapasuka chini. Sitawaficha, hata wastaarabu walicheka. Hafidha alingoja mpaka kikaisha, halafu akasema polepole, "Nilikuomba ufunguo, mama. Ukaninyima."

"Na ukauiba. Nenda kwa mama yako mpaka mumeo arudi, aamue mwenyewe."

Binti hakulia. Aliingia chumbani, akatoka na mkoba mmoja, akamwambia mama mkwe, "Kwaheri, mama," akapita katikati ya watu waliompisha kwa upana kuliko ilivyohitajika. Mikdad alipopigiwa simu alikuwa njiani na mzigo. Alisikiliza yote mpaka mwisho.

"Mama, una uhakika?"

"Kwa baba yako nilikuwa na uhakika? Na sikupatia?"

Ukasikika mngurumo wa lori tu. Kisha akasema, "Haya, mama," kwa sauti ile ile ya mkewe, akakata.

Bi Mwanaharusi aliifunga upya mizigo yote. Safari hii akaongeza nailoni ya pili juu ya ile ya kwanza, na mipira mingine juu ya mipira. Ufunguo hakuurudisha kwenye pindo, akauvaa shingoni. Akahamishia mkeka wake chini ya ngazi, akawa anakula hapo, anaswali hapo. Hakupanda mtu. Hata paka alifukuzwa.

Alipofungua mlango tena kukagua, maji yalikuwa yamezidi. Mzigo wa Bi Mina ulikuwa umefanya kidimbwi kidogo chini, ndani ya nailoni, na ule wa mwalimu wa madrasa ulikuwa umesinyaa na kugandamana. Mwizi hayupo, yuko Msata. Ufunguo uko shingoni. Alibaki mtuhumiwa mmoja tu katika nyumba ile, na huyo hakuwa amemfikiria.

Lakini bado hakutaka kuamini. Asubuhi iliyofuata akaingia orofani na tasbihi yake, akajifungia kwa ndani, akakaa kitako kuitazama mizigo kama mtu anayelinda chungu cha maziwa. Alisema leo atamwona huyo mtu, awe na mwili au asiwe na mwili. Akakaa. Mvua ikakatika. Mawingu yakaachana, na kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi jua likatokeza, likapenya kwenye lile dirisha dogo la mashariki, likaangukia mzigo wa Bi Mina.

Nailoni ikaanza kuingia ukungu. Mbele ya macho yake, hakuna mkono, hakuna kivuli, ukungu ukawa mzito, ukafanya punje, punje zikashikana zikawa matone, na tone la kwanza likateremka taratibu mpaka chini. Likafuata la pili. Sufuria ya wali, mfuniko wake huwa hivyo hivyo, na yeye amepika wali umri wake wote.

"Subhanallah," akasema Bi Mwanaharusi.

Akaikata mipira kwa kisu. Fukuto la uvundo likampiga usoni. Akaivuta ile kanga ya "Hasidi hana sababu", na kabla hajajijua ameshaigusisha shavuni. Ilikuwa mbichi, ya moto kidogo, na yenye chumvi. Bado ina ubichi, mama. Aliambiwa. Aliambiwa kwa upole na kwa Kiswahili fasaha, na yeye akajibu habari za nani atakayeona. Maji yale aliyachota mwenyewe kisimani, akayaleta mwenyewe juu ndani ya kanga za watu, akayafungia ndani kwa mpira wa baiskeli na kuyawekea kufuli. Aliona haya ambayo hakuwahi kuyaona hata siku ile ya msiba, maana siku ile aliyeaibika alikuwa mwingine. Akalia kwa sauti, peke yake, jua limempiga mgongoni.

Alipomaliza kulia alifungua mizigo yote, akaitenganisha, akafungua dirisha na mlango kwa upana. Akamwita Noel, fundi wa redio mwenye kibanda karibu na stendi. Noel alitumia siku nzima kufungua vifuniko na kupangusa ndani kwa brashi. Vingi vikapona. Redio ya mwalimu ilikwaruza kidogo, kisha ikasema. Runinga ya Bi Mina ilikuwa imefanya ukoga wa kijani kwenye nyaya zake za ndani.

"Hii imekufa, mama," Noel akasema. "Ni unyevu wa maji ya chumvi huu. Nani aliyekifunga chombo hiki namna hii?"

Bi Mwanaharusi akamtengea chai. Tangu siku hiyo akawa na tabia mpya. Kila nguo inayopita mikononi mwake, hata taulo, hata kitambaa cha kufunikia mkate, aliigusisha shavuni.

Masika ikaisha. Akina mama wakaja kuchukua vyao, wakijaza ukumbi kwa shikamoo na habari za miguu iliyoota fangasi. Bi Mina akapewa kiti. Runinga yake ikaletwa, ikachomekwa papo hapo, haikuwaka.

"Pole, shoga," akasema Bi Mina, na kweli alikuwa anamwonea huruma. "Mimi sina la kukulaumu. Sote tulishuhudia. Yule binti wa Msata alikufanyia unyama, na namshukuru Mungu umemtoa mapema."

"Kweli kabisa," wakaitikia. "Mtu humjui mkwe mpaka akae."

Ningependa kuwaambia kwamba Bi Mwanaharusi alisema ukweli pale pale. Hakusema. Alisimama akiitazama ile runinga nyeusi, na alikuwa anaona jinsi lilivyo jepesi jambo lenyewe. Haikuhitaji hata uongo. Ilihitaji anyamaze tu, na jina lake lingebaki orofani masika hata masika. Mtu mmoja alikwisha anza kuzungumza habari nyingine.

"Si Hafidha," akasema.

"Umesemaje, shoga?"

"Nasema si Hafidha. Kanga zenu nilizifua mimi, nikazifunga mbichi. Yeye aliniambia zina ubichi, nikamtukana. Alipanda kufungua ili vipate hewa, nikamwita mwizi mbele yenu, nanyi mkacheka. Maji yote yaliyoingia humu niliyatia mimi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Bi Mwanaharusi akaenda chumbani kwake, akachomoa runinga yake mwenyewe, akaileta, akaiweka mbele ya shoga yake. "Hii ni yako," akasema. Bi Mina akataka kukataa, kisha akatazama ile nyeusi, hakukataa.

Walisema yamekwisha, walisema binadamu hukosea, wakasema yote yanayosemwa. Lakini kabla ya kutoka, mmoja wao aliifungua kanga yake palepale mlangoni, akakitikisa king'amuzi sikioni, akahesabu nyaya. Wa pili akafanya vile vile. Wa tatu akaomba achomeke pasi aone kama inapata moto. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kukagua amana yake kwa Bi Mwanaharusi. Yeye alisimama kando ya ngazi, akawatazama wanavyotazama, na aliyajua macho yale vizuri kwa sababu yalikuwa yake.

Kesho yake akapanda basi la Msata.

Alikuta manyunyu. Baibui lilimlowa kati ya kituo na banda. Bi Wahida alikuwa akikaanga chapati. Alimwona, akapunguza moto, akajifuta mikono bila haraka.

"Karibu, mkwe," akasema. Hakusema karibu kiti.

"Nimekaribia, mkwe. Nimekuja kumtafuta mwanao. Sikuja kumchukua, nimekuja kumtaka radhi."

Hafidha akatoka nyuma ya pazia na ungo mkononi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Hakuwahi kumwita hivyo. Neno lilitoka limejikwaa, lakini lilitoka. "Nilikusingizia. Watu wa bondeni wote nimekwisha waambia, kwa mdomo wangu, mimi ndiye niliyeviharibu. Na wewe nakwambia mbele ya mama yako. Nisamehe."

"Maneno yako uliyasemea mtaani," Bi Wahida akadakia, "na mwanangu akayabeba kwenye mkoba mpaka hapa. Hapa kwangu madereva wote wanayajua. Unadhani yanafutika kwa kusema nisamehe?"

"Hayafutiki," akasema Bi Mwanaharusi.

Hafidha alinyamaza. Anayenyamaza anahesabu, na safari hii mama mkwe wake aliona ana haki ya kuhesabu mpaka atosheke. Alisimama vile vile, maji yakimtiririka kutoka kwenye pindo la baibui mpaka kwenye sakafu ya udongo. Lori likapita, banda likatikisika. Hafidha akaweka ungo chini, akaingia ndani, akakaa kidogo, akarudi na kanga iliyokunjwa.

"Vua hilo baibui, mama, utapata homa. Jifunge hii," akasema. "Ila bado ina ubichi. Huku nako jua limekataa."

Mkono wa Bi Mwanaharusi ulikuwa umekwisha kuinuka na kanga, umefika karibu na shavu. Akaushusha.

"Ukisema ina ubichi, ina ubichi," akasema, akajifunga hivyo hivyo, na Hafidha akamvutia kiti.